Epoksi kwenye maungio ya boti ya plaiwudi: mbao inywe kwanza

Nikiletewa boti ya plaiwudi inayovuja kwenye maungio, huanza kwa kubandua kipande cha epoksi, gundi ya resini iliyochanganywa na hadena (kigumishaji), na kuangalia mbao iliyokuwa chini yake. Ikiwa kavu na nyeupe, najua tatizo lilianzia siku ya kuunga: mbao ilinyonya resini yote, puti, yaani gundi nzito ya kujazia kona, ikakosa cha kushikia.

Plaiwudi ina tabaka zinazopishana, hivyo ukingoni ncha nyingi za nyuzi hutazama nje, na ncha hizo hunyonya mno. Mbao zikishashonwa kwa waya wa shaba, paka kwanza epoksi tupu, yaani resini na hadena bila unga, kwa brashi. Subiri kidogo. Mahali palipong'aa pataanza kufifia. Paka tena mpaka mng'ao ubaki. Weka puti wakati epoksi hiyo ingali inanata.

Kutengeneza puti, koroga resini na hadena mpaka vichanganyike kabisa, ndipo utie unga laini wa mbao na silika kidogo (unga mwepesi wa kuifanya nzito), mpaka isimame kwenye mwiko bila kutiririka. Ijaze kona ya ndani, uilainishe kwa kijiti chenye ncha ya mviringo, kisha ulaze juu yake utepe wa faibaglasi na kuulowesha kwa epoksi. Nguvu ya kiungo iko hapo. Waya kazi yake ni kushikilia tu.

Mirror, mashua ndogo ya tanga ya Uingereza iliyobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliungwa hivi kwa resini ya poliesta. Mafundi wengi waliozoea poliesta huongeza kichocheo ili ikauke haraka. Tafadhali, msifanye hivyo kwenye epoksi! Hadena yake ni sehemu ya gundi yenyewe. Ikizidi inakosa resini ya kuungana nayo, na kiungo hakikomai vizuri hata ungoje mwezi. Fuata kipimo cha kopo lako cha resini kwa hadena, 2:1 au 5:1, na usome kama ni cha ujazo au cha uzito.

Kwa joto la pwani changanya kidogo kidogo, umimine kwenye chombo kipana. Ikirundikana kikombeni huchemka hadi kutoa moshi. Msimu wa unyevu, epoksi ikikauka huweza kuacha utando wa kuteleza juu. Uoshe kwa maji safi kabla ya msasa, maana msasa huusambaza tu na rangi haitashika. Na rangi ni lazima, kwani jua huila epoksi iliyoachwa wazi.