Maslow Hakuchora Piramidi

Semina za rasilimali watu hazikosi ile piramidi ya mahitaji ya binadamu iitwayo ya Maslow: chakula chini, juu yake usalama, upendo, heshima, na kileleni mtu kutimiza vipaji vyake. Wengi huisoma kama ngazi, kwamba mfanyakazi hawazi heshima mpaka tumbo lishibe. Basi bosi hujisemea, "Hawa mshahara kwanza, mambo ya kusifiwa baadaye."

Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, hakusema hivyo. Makala yake ya mwaka 1943 haina piramidi hata moja. Mchoro ulikuja baadaye. Tena aliandika waziwazi kwamba hitaji halisubiri lile la chini yake litimie kwa asilimia 100. Alitoa mfano (tarakimu za kukisia tu, si za utafiti) wa mtu aliyetosheka asilimia 85 kimwili, 70 kwa usalama, 50 kwa upendo, 40 kwa heshima na 10 kileleni. Yote kwa pamoja, siku hiyohiyo.

Mtazame mlinzi wa getini aliyecheleweshewa mshahara wiki mbili. Shati kalipiga pasi, kola imesimama. Ukimpita bila salamu, anaumia.