"Itajifuta yenyewe": dhana potofu kuhusu kugeuza monita za QEMU kuwa objekti

"Tuifanye objekti tu, itajifuta yenyewe." Sentensi hii, kuhusu monita ya QEMU (programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), naisikia kwa vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo kutoka vyuo vya hapa Mbeya, nimeisikia Iringa, na juzi nimeisikia kwa mtu mzima anayejiita mhandisi wa mifumo. Naiandikia leo, ili kesho nikiulizwa nitume kiungo nikanywe chai.

Sitaanza na Fabrice Bellard, aliyeianzisha QEMU mwaka 2003. Jambo lenyewe ni monita, ile njia ya kuiamuru mashine pepe ikiwa inakimbia: HMP kwa binadamu, QMP ya JSON kwa programu. Kwa miaka mingi monita imekuwa ikizaliwa mara moja tu, QEMU inapowashwa, kwa `-mon` au kwa njia ya mkato ya `-qmp`. Chardev, yaani njia ya kupitishia data kama soketi, unaweza kuiongeza mashine ikiwa hewani, kwa `chardev-add`. Diski, kadi ya mtandao, iothread (uzi wa kazi za I/O), zote unaongeza. Monita hapana. Ukitaka ya pili, zima mashine uiwashe upya.

Mteja wangu mmoja, SACCOS ya maeneo ya Mwanjelwa, anajua maana ya hilo. Mfumo wake wa mikopo uko kwenye Windows ya zamani ndani ya mashine pepe. Skripti ya nakala ya usiku ilikwama ikiwa bado imeshikilia soketi ya QMP. Soketi hiyo inahudumia mmoja kwa wakati. Wa pili akija, kerneli inampokea vizuri tu, anaona ameunganishwa, halafu kimya: ile salamu inayoanza na `{"QMP":` haiji. Kijana wao akanipigia: "Mkuu, QEMU imeganda." Haikuganda. Ilikuwa inaongea na mwingine. Alikuwa tayari ameshamwendea mhasibu kuomba ruhusa ya kuzima, na mama wa watu akauliza, "Sasa mwanangu, nizime saa ngapi, na hawa waliopanga foleni dirishani niwaambie nini?" Tuliua skripti iliyokwama, soketi ikafunguka. Lakini kama monita ya akiba ingeweza kuongezwa mapema, mashine ikiwa hewani, hata simu ile isingepigwa.

Kwa hiyo wazo la kupanga upya msimbo ili HMP na QMP ziwe objekti za QOM (mfumo wa objekti wa ndani ya QEMU), ziundwe kwa `object-add` na kuondolewa kwa `object-del`, mimi naliunga mkono. Ninachogomba nacho ni imani kwamba ukishasajili aina mpya, maisha ya kitu hicho yanajiendesha.

Dhana: objekti ikiondolewa, imekufa na kumbukumbu imesafishwa

Hapana. QEMU imeandikwa kwa C, na C haina mfagiaji anayepita nyuma yako. QOM inachofanya ni kuhesabu marejeo. Ukiita `object_new` unapewa objekti yenye hesabu ya moja. Ukiiweka chini ya mzazi kwenye mti, tuseme chini ya `/objects`, mzazi naye anashika rejeo lake. Kila atakayeita `object_ref` anaongeza. `object_unparent` inaikata kutoka kwenye mti na kumnyang'anya mzazi rejeo lake, basi. Kazi ya kumalizia, `instance_finalize`, inaitwa pale tu hesabu inapofika sifuri, kuanzia aina ya chini kabisa kupanda hadi kwa mzazi wa aina.

Mwanachama wa SACCOS aliyewadhamini wenzake wanne hatoki kwa kuandika barua ya kujitoa. Jina linaweza kufutwa kwenye orodha ya mkutano, lakini mpaka mkopo wa mwisho aliousainia ulipwe, hisa zake ziko palepale. Objekti ni hivyohivyo: kutoonekana kwenye `qom-list`, amri ya kuorodhesha mti, hakumaanishi imekufa.

Sasa ichukue monita yenyewe, maana ndiyo kesi ngumu kuliko karibu zote. Nani ameishika?

Kuna chardev. Monita imejisajili kwake na kumwachia vitendakazi vya kuitwa data ikifika. Ukiifuta monita bila kuviondoa vile vitendakazi, baiti inayofuata itaangukia kwenye kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa, na hapo utakuwa na kreshi ambayo haijirudii unapoitafuta. Kinyume chake, jaribu `chardev-remove` monita ikiwa bado hai: utakataliwa kwamba chardev ina shughuli. Utaratibu ni mmoja, monita kwanza, chardev baadaye.

Kuna uzi wa I/O. Tangu amri za nje ya foleni, zile za `exec-oob`, zilipoingia mwaka 2018, QMP inaweza kusoma soketi kwenye uzi wake, huku amri za kawaida zikitekelezwa kwenye mzunguko mkuu. Maana yake, unapofuta upande huu, upande ule unaweza kuwa katikati ya kuchambua JSON. Kati yao kuna foleni ya maombi yanayosubiri, ukomo wake ni nane. Hayo maombi unayafanyaje? Unayatupa kimyakimya, au unayajibu kwa kosa? Anayesema "itajifuta yenyewe" hajawahi kujiuliza swali hili.

Kuna orodha ya monita zote. Tukio likitokea, QEMU inapita kwenye orodha hiyo, ikiwa na kufuli, na kulituma kwa kila monita ya QMP. Monita iondoke kwenye orodha kabla haijaguswa kitu kingine. Na kuna faili zilizokabidhiwa kwa `getfd`. Zinahifadhiwa kwa jina chini ya monita ileile iliyozipokea. Usipozifunga wewe, hakuna wa kuzifunga, zitabaki wazi mpaka QEMU yenyewe izimwe. Kwenye mashine inayokaa hewani miezi, huko ndiko kuvuja kwenyewe.

Halafu swali ninalolipenda kumuuliza kijana akija na hoja yake: amri ya `object-del` imefika kupitia monita ileile inayotakiwa kufutwa. Jibu litatoka wapi? Ukifuta kwanza, mteja hapati `{"return": {}}`, anaona tu soketi imekatika, na hajui kama amri ilipita au QEMU imekufa. Una njia mbili za heshima. Ya kwanza, ikatae: interfesi ya objekti zinazoundwa na mtumiaji ina mahali pa kusema "mimi siwezi kufutwa sasa", ndiyo ileile inayokataa kufuta objekti ya kumbukumbu (memory backend) ambayo mashine bado inaitumia. Ya pili, ahirisha: tuma jibu, subiri limiminike lote, kisha fanya kazi ya kufunga kwenye zamu inayofuata ya mzunguko mkuu. Mimi ningechagua kukataa. Ni rahisi kueleza, na mteja makini atafungua monita nyingine aifute hii kutoka kule. Wengine wataniona mvivu, sawa.

Imani hii haiwaumizi waandishi wa C peke yao. Msimamizi anayetoa diski kwa `device_del` anapata jibu la mafanikio mara moja, anafurahi, anaongeza nyingine kwa id ileile, anaambiwa id imerudiwa. Anarudi kwangu: "Kaka, QEMU ina bagi." Haina. Kwa kifaa cha PCI, `device_del` ni ombi kwa mfumo wa ndani ya mashine pepe. Windows ikiwa ndiyo kwanza inawaka, au imelewa, haijibu, na kifaa kinabaki. Kifaa kimetoka pale tukio la `DEVICE_DELETED` linapofika. Lisubiri. Usiandike `sleep 5`. Nimeziona `sleep 5` kwenye seva za hospitali na za shule, na zote zilifanya kazi mpaka siku mashine ilipolemewa.

Dhana: HMP na QMP ni kitu kimoja, tofauti ni mabano

HMP imetengenezwa isomwe kwa macho. Matokeo ya `info block` yanaweza kubadilika toleo hadi toleo bila mtu kukuomba radhi, na skripti yako ya `grep` na `awk` itakufa kimya. QMP ndiyo yenye ahadi: kitu kikitangazwa kuwa kinaondoka, kinabaki kwa matoleo mawili kabla hakijatolewa, na QEMU hutoa kama matoleo matatu kwa mwaka. Kuzigeuza zote mbili kuwa objekti hakuipi HMP ahadi hiyo. Tumia `query-block`. Ukikosa kabisa amri ya QMP, kuna `human-monitor-command`, lakini ujue umerudi kulekule.

Dhana: ndani ya ofisi, monita kwenye TCP haina neno

Hii ingeshindania nafasi ya kwanza kama leo nisingekuwa na hasira na ile ya "itajifuta yenyewe". Monita haiulizi nywila. Anayeifikia ana uwezo wote alionao mtumiaji anayeendesha QEMU: anafungua faili za seva mama kama diski, na kwa `migrate` yenye `exec:` anaendesha amri za ganda kwenye seva mama, labda uwe umezuia kwa `-sandbox on,spawn=deny`. Simu ya mgeni kwenye Wi-Fi ya ofisi inatosha. Weka soketi ya unix kwenye folda yenye ruhusa 0700. Na monita zikiwa za kuundwa ovyoovyo, jambo hili linazidi uzito: aliye kwenye monita moja anaweza kujifungulia ya pili unapomfungia ya kwanza.

Dhana: objekti zitapunguza kasi ya mashine

Monita haiko kwenye njia ya data. Prosesa pepe zinakimbia ndani ya KVM (sehemu ya kerneli ya Linux inayotumia uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe), pakiti na diski zina njia zao. Utatumia mikrosekunde kadhaa kuunda monita mara moja kwa mwezi. Mashine ikiwa nzito, angalia kwanza kama VT-x au AMD-V, ambayo KVM inaitegemea, imewashwa kwenye BIOS. Nusu ya malalamiko ninayoletewa Uyole na Tunduma yanaishia hapo.

Dhana: kupanga upya msimbo ni kuandika upya, kwa hiyo skripti za zamani zitakufa

Kazi ikifanywa vizuri, `-mon` na `-qmp` zinabaki na kuunda objekti kwa ndani. Mteja bado anapokea salamu, bado anatuma `qmp_capabilities` kabla ya amri nyingine yoyote. Na monita mpya kila moja inaanza na mazungumzo hayo upya, hairithi ya jirani yake. Ukiruka hatua hiyo, utajibiwa amri haijulikani, na tafadhali usinipigie.

Dhana: anayetumia libvirt hayamhusu haya

Yanamhusu kidogo. libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, ina monita yake ya QMP na inaamini ndiyo yenye usukani. Ukipitisha amri zako kwa `virsh qemu-monitor-command`, mashine inawekewa alama ya kuchafuliwa, na hilo si pambo: libvirt haijui ulichobadilisha. Kusoma, soma. Kuondoa vifaa au kuongeza monita kwa mgongo wake, usifanye kwenye mashine ya mteja.