Mruko wa volti ni nini?

Muulize fundi yeyote Malindi betri ya gari dogo ina volti ngapi, atakujibu 12. Hilo ni jina la betri tu. Ikiwa imejaa na gari limezimwa, mita husoma 12.6 hivi, injini ikiwaka, alternata (jenereta ya gari) huipandisha hadi 14 na ushei, ukipiga stata hushuka, pengine chini ya 8. Yote hayo ni kawaida. Mruko wa volti ni jambo jingine: umeme kupanda ghafla hadi makumi ya volti, kisha kutulia kabla mita yako haijaona kitu.

Miruko midogo hutoka kwenye kila chenye koili: honi, rilei, mota ya waipa. Ule mkubwa hutoka kwa alternata. Umewahi kuona watu wakivutana kamba, upande mmoja ukaachia? Wale wengine huenda chali. Alternata inayoichaji betri kwa nguvu, betri ikikatika ghafla, haiwezi kujizuia papo hapo, kwa kuwa nguvu ya sumaku yake huchukua muda kufifia. Umeme uliokuwa ukimezwa na betri hukosa pa kwenda, na volti zinaweza kukaribia 100 kwa sehemu ya sekunde. Alternata nyingi za kisasa zina dayodi za ndani zinazoukata mruko kwenye 35 hivi. Bado ni nyingi: ukifunga garini bodi kama Arduino Uno R3, ile kompyuta ndogo unayoiandikia programu mwenyewe, hutaka volti 7 hadi 12, na mwisho wake ni 20.

Betri hukatikaje gari likienda? Huku kwetu, chumvi. Fungua boneti ya gari linalolala karibu na bahari msimu wa kusi, utaona vichwa vya betri vimevaa unga wa kijani na mweupe. Waya unaonekana umeshika, kumbe unagusa na kuachia kwenye kila tuta. Halafu kuna mafundi wanaopima alternata kwa kung'oa waya wa betri injini ikinguruma. Tabia hiyo ningeipiga marufuku. Mimi nilichomewa bodi mbili hivyo, na mara zote mbili nililaumu programu yangu kwanza.

Kinga haina uchawi. Osha vichwa vya betri kwa maji moto, kaza, paka grisi. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu na betri, kisha dayodi ya kumeza miruko, ile iitwayo TVS, ya volti 24. Usichukue ya 16: siku gari litakapobustiwa kwa lori la volti 24, itaungua. Hiyo ya 24 huachilia volti hadi 39 hivi zipite, kwa hiyo kigeuzi cha kushusha hadi volti 5 kiwe cha kuvumilia 60, maana cha 40 kinabaki pembamba. Usitegemee regyuleta (kipunguza volti) ya bodi yenyewe. Kutoka 14 hadi 5, kwa miliampea 200, inageuza karibu wati 2 kuwa joto, tena ndani ya dashibodi iliyoshinda juani.

Kushuka kwa volti ukipiga stata nako huizima bodi na kuiwasha upya. Dayodi ya kawaida, inayopitisha umeme upande mmoja tu, baada ya fyuzi, kisha kapasita (kiweka akiba ya umeme) ya maikrofaradi 4700 ya volti 50, huishikilia kwa ule muda mfupi stata inapong'ata.