Je, wajua kwa nini ufito wa kale wa kuvulia una pande sita?

Ukikuta katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe mfuko wa kitambaa wenye vipande vitatu vya mwanzi mwembamba, vimefungwa nyuzi za hariri na kuwekwa viungo vya shaba, chukua kimoja ukizungushe vidoleni. Utahisi kona. Zihesabu: sita. Mwanzi haumei na kona, kwa hiyo huo umeundwa na fundi, na sababu ya kuuunda hivyo iko kwenye ganda.

Pasua mwanzi wowote utazame. Nyuzinyuzi ngumu zimesongamana nje, chini tu ya ganda. Kwa ndani ni nyama laini isiyo na nguvu, na katikati kabisa ni uwazi. Ukitaka ncha ya milimita 2 huipati kwa kuuchonga kwa nje, maana unachokikwangua ndicho kinachobeba kazi. Fundi huupasua papi ndefu, hunyoosha vifundo kwa moto, kisha hupiga randa upande wa ndani tu, mpaka kila upapi uwe pembetatu yenye digrii 60 kila kona. Papi sita zikikutana, duara limetimia. Zikigandishwa kwa gundi, ganda lote liko nje na katikati hakuna tundu.

Wapo waliojaribu papi nne, tano, hata nane. Sita ilishinda kwa sababu ya kiwandani zaidi kuliko ya majini: pembetatu zote zinalingana pande zote, na kila ubapa wa ufito unatazamana na ubapa mwenzake, hivyo unene unapimika. Penye pande tano, ubapa unatazamana na kona.

Samuel Phillippe, fundi bunduki wa Easton, Pennsylvania, Marekani, alikuwa akiunganisha papi katika miaka ya 1840. Hiram Leonard wa Bangor, Maine, ndiye aliyeeneza fito za papi sita katika miaka ya 1870. Mwanzi wa mwanzo uliitwa wa Kalkuta, na mara nyingi una madoa ya kuungua, jambo linalosaidia kukisia umri. Baadaye ukaja wa Tonkin, jina la eneo la kaskazini mwa Vietnam, ingawa kwa kweli hutoka Guangdong, kusini mwa China. Marekani ilipofunga biashara na China mwishoni mwa 1950, mwanzi huo ukaadimika, na fito za nyuzi za kioo zikachukua soko.

Kuutambua, anza juu kidogo ya mshikio. Jina la mtengenezaji huandikwa kwa wino chini ya vanishi, au hugongwa kwenye chuma cha kushikia rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi. Neno "Palakona" ni alama ya kiwanda cha Hardy cha Alnwick, Uingereza. Ukikuta sanduku dogo la mbao, nyuzi za rangi kali na vyambo vya manyoya vimepangwa ndani, ufito huo yumkini ni wa Japani wa baada ya Vita vya Pili. Ni pambo zuri la ukutani, usilipie bei ya Hardy. Tazama pia vifundo: fundi makini huvipishanisha, ili papi mbili zilizopakana zisiwe na kifundo mahali pamoja.

Kisha tafuta ubovu. Linganisha urefu wa vipande. Kilichopungua sentimita 5 kilivunjika ncha kikakatwa. Tazama kwa jicho moja toka mwisho hadi mwisho kama umepinda. Upinde kidogo karibu na sikio: ukisikia mlio wa kukatika-katika, gundi imeachia. Gundi za zamani zilitoka kwa ngozi na mifupa, na haziwezi joto wala unyevu, vitu ambavyo Unguja na Pemba havipungui. Vanishi ikibabuka usipige msasa, utaondoa lile ganda lenyewe.

Kuvua nao si kama mshipi wa mkono. Kwenye mshipi chubwi ndiyo inayovuta. Hapa chambo ni manyoya tu, na uzito unaorushwa ni wa mshipi wenyewe. Mishipi ya fito za kale ilipimwa kwa herufi: HDH ni takriban mshipi wa namba 6 wa leo. Funga mbele ya mshipi nailoni nyembamba ya mita 2 na nusu hivi. Rusha polepole, acha mshipi unyooke wote nyuma ndipo upeleke mbele. Ukiharakisha, unapiga kama mjeledi na chambo hukatika. Kusi likivuma kwa nguvu usijisumbue. Subiri maleleji, au asubuhi kabla upepo haujaamka, katika hori za mikoko kama za Chwaka, maji yakijaa. Chambo kidogo cheupe kitapata changu na kolekole wachanga. Kolekole mkubwa muachie mwenye mshipi na ngalawa.

Ncha nyingi huvunjika samaki akiwa tayari miguuni, mvuvi anapoinua ufito ukapita wima. Rudi nyuma hatua mbili badala yake. Ndoana ikinasa kwenye jiwe, elekeza ufito moja kwa moja kwenye mshipi uvute kwa mkono.

Viungo vya dume na jike visizungushwe kamwe, vinang'oa papi kwenye gundi, vuta sawasawa. Vikikwama, simameni wawili mkitazamana, kila mmoja ashike mkono mmoja huku na mmoja kule, mvute pamoja. Usitie mafuta, hukusanya mchanga.

Chumvi hula shaba ya viungo usiku huohuo. Pangusa ufito kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, usiuloweke, kisha kausha kivulini. Utundike wima ndani ya mfuko wake. Ukiuegemeza ukutani utajikunja, na ukiufungia kwenye bomba la kuhifadhia ukiwa na unyevu, kipindi cha masika utaukuta umeota ukungu chini ya nyuzi za hariri.