Spidimita Hailijui Tairi: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kugusa Difu

Wenye Land Cruiser wanaofika gereji kwetu hapa Arusha baada ya kufunga matairi makubwa huja na malalamiko mawili ambayo wao huyaona hayana uhusiano: gari limekuwa zito mlimani, na trafiki amewapiga tochi, yaani kipima mwendo, kwa mwendo ambao wanaapa hawakuwa nao. Chanzo ni kimoja. Kwa kuwa ni kimoja, mpangilio wa kuyatibu una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani, na nitaeleza jinsi mimi mwenyewe nilivyojifunza hilo kwa aibu.

Katika Land Cruiser nyingi za zamani, spidimita haina habari yoyote na gurudumu. Inachohesabu ni mizunguko ya shafti inayotoka nyuma ya transfa (boksi linalogawa nguvu ya gia mbele na nyuma) kuelekea kwenye propela (mhimili unaopeleka nguvu hiyo kwenye difu), ama kwa waya unaozunguka hadi kwenye dashibodi, ama kwa sensa inayotuma mapigo ya umeme. Kati ya shafti hiyo na ardhi kuna vitu viwili, difu (gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu) na tairi, na spidimita huamini tu kwamba vyote viwili bado ni vile vilivyotoka kiwandani. Ukibadilisha kimoja, imani hiyo inakuwa ya uongo. Ukivibadilisha vyote viwili kwa kiwango kinacholingana, uongo unajifuta wenyewe.

Nichukue gari ninalolishughulikia mara nyingi, Land Cruiser ya mfululizo wa 80 yenye injini ya 1HZ, ambayo ni dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, likiwa na difu ya 4.11, yaani propela huzunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja, na matairi ya 275/70R16. Kipenyo cha tairi hilo kinapatikana kwa kuzidisha upana wa milimita 275 kwa asilimia 70, kuongeza mara mbili kwa kuwa ubavu upo juu na chini, kisha kujumlisha ringi ya inchi 16 ambayo ni milimita 406.4, jibu ni milimita 791. Mwenye gari akiweka 315/75R16, ambayo mtaani huitwa inchi 35, hesabu ileile inatoa milimita 879. Gawanya ya pili kwa ya kwanza na utapata 1.11. Namba hiyo iandike kwenye karatasi na uibandike ukutani, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinatokana nayo.

Kuna tahadhari moja kuhusu maandishi ya ubavuni. Tairi lililobeba gari hubonyea, kwa hiyo umbali linaosafiri katika mzunguko mmoja ni mdogo kuliko kipenyo mara 3.14, kwa tairi la radiali, lile lenye herufi R kwenye saizi yake, watengenezaji hukadiria mara 3.05. Zaidi ya hapo, matairi mawili yenye maandishi sawa kutoka viwanda viwili huweza kutofautiana kwa zaidi ya sentimita moja. Mimi huchora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida na upepo wake wa kawaida, kisha vijana wanalisukuma kwa mstari ulionyooka hadi tairi lizunguke mara tano, nasi tunapima umbali kwa futikamba na kugawanya kwa tano. Kazi hiyo inachukua dakika kumi, na haijawahi kunidanganya.

Sasa tazama madhara. Spidimita ikisoma 50, gari linakwenda 55.5, ikisoma 80, gari linakwenda karibu 89. Pale kwenye kibao cha 50, tofauti hiyo ndiyo tochi. Hata hivyo, si kila gari litaonyesha kosa lote hilo, kwa kuwa spidimita nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo kwa makusudi. Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi hupimia magari yao, inakataza spidimita kusoma chini ya mwendo halisi hata kidogo, lakini inairuhusu kusoma juu kwa asilimia kumi ya mwendo halisi na kilomita nne za ziada, yaani gari linalokwenda 80 kwa kweli linaweza kuonyesha hadi 92. Akiba hiyo ndiyo inayomezwa kwanza na tairi kubwa. Mtu aliyeongeza kipenyo kwa asilimia tatu au nne mara nyingi hugundua kwamba spidimita yake sasa ndiyo imekuwa sahihi kuliko ilipokuwa mpya, na huyo mimi humrudisha nyumbani bila kumtoza kitu.

Kwa sababu hiyo usirekebishe chochote kwa hesabu ya karatasi peke yake. Endesha kwenye barabara tambarare iliyonyooka, mwendo usiobadilika, mwenzako akisoma GPS ya simu. Ukikosa mtandao wa kukupa ramani, GPS bado itasoma mwendo. Ukikosa simu kabisa, vibao vya kilomita kando ya barabara vinatosha, kwani kilomita moja kwa sekunde 60 ni mwendo wa 60, na kwa sekunde 45 ni mwendo wa 80.

Kihesabu kilomita nacho hudanganya, na hiki husahaulika. Kikisema umetembea 5,000 tangu ulipobadilisha oili, injini imeshalibeba gari kilomita 5,550. Vilevile mwenye gari atalalamika kwamba matairi mapya yanakula mafuta, na ni kweli yanaongeza ulaji, lakini sehemu ya malalamiko hayo ni kilomita ambazo amezitembea bila kuhesabiwa.

Tuingie kwenye uzito wa mlimani. Tairi kubwa linarefusha gia zote kwa pamoja. Gari langu la mfano likiwa na matairi ya kiwandani, injini huzunguka takriban mara 2,000 kwa dakika katika gia ya tano kwenye mwendo wa 80. Likiwa na 315 inashuka hadi 1,800, na nguvu inayofika ardhini inapungua kwa asilimia kumi katika kila gia. Kwenye lami ya tambarare dereva huenda asilione. Atalipata akitoka lango la Loduare kupanda ukingo wa Ngorongoro, ambao upo kwenye kimo cha takriban mita 2,300, mahali ambapo hewa ina uzito wa kama nne ya tano ya ile ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo haina namna ya kulipia upungufu huo. Atalipata pia, kwa njia ya hatari zaidi, akishuka kreta kwa barabara ya Seneto: breki ya injini imepungua kwa asilimia kumi, na breki za miguu nazo zimepungua kwa kiasi hichohicho, kwa kuwa diski ileile sasa inalishika gurudumu refu zaidi. Watu huuliza juu ya kupanda tu. Mimi huwauliza juu ya kushuka.

Dawa ni kubadilisha krauni na pinioni, yaani gia kubwa na gia ndogo zilizo ndani ya difu. Difu ya 4.11 ni krauni ya meno 37 ikizungushwa na pinioni ya meno 9. Zidisha 4.11 kwa ile namba ya ukutani na unapata 4.57, na seti iliyopo sokoni iliyo karibu zaidi ni 4.56, yenye meno 41 kwa 9. Hiyo inalirudisha gari lilipokuwa. Kwa gari linaloishi milimani likiwa na keria, friji na tangi la pili la mafuta, mimi hupendelea 4.88, meno 39 kwa 8, kwa sababu tairi kubwa si refu tu bali pia ni zito, na 1HZ haikuwa na nguvu za kugawa tangu mwanzo. Injini itazunguka mara 2,130 hivi kwenye mwendo wa 80, jambo ambalo halimsumbui mtu anayekwenda Serengeti, ambako ndani ya hifadhi mwisho ni 50. Gharama yake ni pinioni nyembamba zaidi, isiyopenda dereva anayeachia klachi kwa ghafla akiwa amekwama.

Difu ya mbele na ya nyuma lazima zibadilishwe pamoja kwa uwiano uleule, la sivyo siku utakapofunga fowili, yaani kuzungusha magurudumu yote manne, zitashindana hadi kitu kivunjike. Kwenye mfululizo wa 80 hizo ni seti mbili tofauti: nyuma ni krauni ya inchi 9.5, mbele ni ya inchi 8 ambayo pinioni yake ipo juu na meno yake yamekatwa kinyume, kwa hiyo ukiagiza mbili zinazofanana umetupa fedha. Ufungaji wenyewe, yaani kina cha pinioni kwa shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi), mkazo wa beringi, uchezaji wa meno na alama ya rangi inayoonyesha yanapogusana, si kazi ya kukisia kwa sikio. Fundi asiye na geji ya saa, kipimo chenye mshale cha kupimia nafasi ndogo sana, asiifungue difu yako.

Sasa ile aibu. Miaka kadhaa iliyopita mteja alikuja na 80 yenye sensa ya umeme, akitaka spidimita tu isahihishwe. Nilimfungia kisanduku cha kurekebisha mapigo kati ya sensa na dashibodi, nikakiwekea 1.11, GPS ikakubali, akaondoka. Baada ya miezi alirudi akitaka difu, nikamwekea 4.56. Aliporudi tena alikuwa na furaha mno: gari lilikuwa linapanda vizuri na, ajabu, ulaji wa mafuta ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kilichomshangaza ni kwamba kila mtu alikuwa anampita barabarani. Nilikuwa nimesahau kisanduku changu. Difu mpya ilikuwa tayari imeirudishia propela mizunguko yake ya asili, na kisanduku kikawa kinaizidisha mara ya pili, hivyo spidimita ilisoma 80 gari likienda 72, na kihesabu kilomita kikamzawadia safari ambazo hakuzifanya. Nilikitoa, na furaha yake kuhusu mafuta ikaisha papo hapo.

Tangu siku hiyo spidimita ndiyo kitu cha mwisho ninachogusa. Kwa gari la waya kazi ni rahisi: spidimita nyingi za Japani zimetengenezwa kwa mizunguko 637 ya waya kwa kilomita, na tairi langu la mfano linaishusha hadi 574, kwa hiyo tunatafuta gia ndogo ya plastiki inayouzungusha waya, yenye meno machache zaidi, kwa mfano 27 badala ya 30, ili waya uzunguke kasi. Kwa magari mapya ambayo husoma mwendo kutoka sensa za ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga) kwenye magurudumu, kubadilisha difu hakusahihishi chochote, kwa sababu sensa zipo baada ya difu. Huko ni programu ya gari inayorekebishwa.

Nasahihisha tairi likiwa jipya. Tairi la matope linaloanza na kina cha milimita 15 likafika 4 limepoteza milimita 22 za kipenyo, yaani asilimia 2.5, na upungufu huo unaifanya spidimita isome juu, upande usio na tochi. Anayeniletea matairi yaliyokwisha namwachia isome juu kwa asilimia mbili au tatu, maana kesho atanunua mapya na hatarudi kuniambia.