Hasira tu haimtoi mtu nyumbani

Nasoma masta ya saikolojia hapa Dar, utafiti wangu ni kuhusu watu wanaogoma na wanaoandamana, na kila nikitaja hii mada swali huwa lile lile, hivi wale watu walikasirishwa na nini? Swali zuri ila linaishia njiani, maana wenye hasira huwa wengi sana na wanaotoka huwa wachache, na hapo ndipo kwenye kazi yenyewe.

Mwaka 1983 Uholanzi kulikuwa na maandamano makubwa mjini The Hague kupinga makombora ya nyuklia. Watafiti wawili, Bert Klandermans na Dirk Oegema, wakawahoji wakazi wa mji mmoja mdogo, kabla na baada. Karibu robo tatu waliunga mkono malengo ya maandamano hayo. Waliokusudia kwenda, kama 10 kati ya 100. Waliokwenda kweli, 4 kati ya hao 100! Yaani huyo aliyebaki nyumbani si kwamba hajali, wengine hakuna hata aliyewafuata kuwaambia twende, wengine walitaka kabisa ila siku yenyewe ikaingiliana na mambo.

Halafu Doug McAdam, mwanasosiolojia wa Marekani, akapitia fomu za vijana walioomba kwenda jimbo la Mississippi huko Marekani mwaka 1964 kuandikisha wapiga kura weusi, kazi ya hatari kweli, watu waliuawa. Waliokwenda na walioghairi dakika za mwisho imani yao ilikuwa ile ile. Kilichowatofautisha zaidi ni kama una marafiki wa karibu wanaokwenda na kama uko kwenye vikundi.

Ndio maana mtu akiniambia mtaa fulani umetulia basi wameridhika, mimi sikubali.

Sasa njoo Kariakoo, Mei 2023, wafanyabiashara walivyofunga maduka kwa ajili ya kodi na kamatakamata ya mizigo mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja kuwasikiliza. Malalamiko hayakuzaliwa wiki ile. Kwa hiyo nikikaa na mwenye duka simuulizi sana ulichukia nini, namuuliza jirani yako alifunga saa ngapi, nani alikupigia, mko grupu moja la WhatsApp? Kwa sababu ukifunga peke yako unapoteza wateja tu, ila mtaa mzima ukifunga kila mmoja anaanza kuamini tutasikilizwa, na hiyo imani ndiyo naitafuta, ilianzia kwa nani na ikapita kwa nani.