Kwa nini nyumba kongwe ya Chicago ni ya mbao, ilhali mji uliteketea?

Je, wajua kwamba nyumba ya Catherine O'Leary, mama ambaye ng'ombe wake alisingiziwa kuuchoma mji wa Chicago, yenyewe haikuungua? Moto ulianzia bandani kwake, Mtaa wa DeKoven, usiku wa Jumapili tarehe 8 Oktoba 1871. Banda likaisha. Nyumba ikabaki wima, kwa sababu upepo mkali wa kusini-magharibi uliusukuma moto upande wa pili, ukaenda kuwala wengine. Ukavuka mto, ukapita katikati ya mji, ukavuka mto tena kuelekea kaskazini, hadi mvua ilipoanza kunyesha na kuuzima tarehe 10. Watu wapatao 300 walikufa, 100,000 wakabaki bila makazi, na majengo zaidi ya 17,000 yakageuka majivu. (Baraza la mji lilimsafisha jina mama huyo mwaka 1997. Kuchelewa kulikoje!)

Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini jengo fulani la kabla ya 1871 bado lipo Chicago, aulize kwanza lilikuwa upande gani wa upepo. Kanisa la St. Patrick, lililokamilika 1856, liko magharibi ya mto, nje kidogo ya njia ya moto. Kanisa la Holy Family nalo ni la kabla ya moto, na halikuwa mbali na banda la O'Leary. Inasimuliwa kwamba padri wake, Arnold Damen, aliyekuwa safarini, aliweka nadhiri ya kuwasha taa saba daima kama kanisa lingenusurika, na taa saba zikawashwa kweli. Nadhiri ni nadhiri. Lakini ramani inaonyesha kwamba kanisa lilisimama magharibi ya banda, kule upepo ulikotokea.

Ndani ya eneo lenyewe lililoungua, majengo yaliyonusurika ni machache mno. Maarufu kuliko yote ni Mnara wa Maji wa mwaka 1869, kazi ya msanifu majengo William Boyington. Ni wa mawe ya chokaa ya rangi ya manjano iliyofifia, una urefu wa mita 47 hivi, na ndani yake kulisimamishwa bomba refu la kutuliza msukumo wa maji. Oscar Wilde alipoutembelea mji miaka ya 1880 aliubeza, akaufananisha na ngome iliyobandikwa vichupa vya pilipili. Jiwe liliuokoa mnara, ila halikuuokoa mji: paa la kituo cha pampu kilicho jirani lilishika moto na kuporomoka, mashine zikasimama, na wazima moto wakabaki na mipira mikavu mikononi.

Nyingine ni nyumba ndogo ya mbao ya polisi aitwaye Richard Bellinger, kaskazini mwa mji. Huyu hakuwa na jiwe wala bahati ya upepo. Alifagia majani makavu, akang'oa uzio na njia ya mbao iliyopita mbele ya nyumba, akapanda juu ya paa kuzima kila cheche iliyotua. Watu wakaongeza chumvi kwamba maji yalipomwishia alimwaga pipa la saida ya tufaha. Mkewe alikuja kulikanusha hilo baadaye: pipa lilikuwepo, ila maji yalitosha.

Hata hivyo, kunusurika moto si kusalimika. Jumba la Mahlon Ogden lilibaki peke yake kama kisiwa kati ya majivu, kisha likabomolewa ili ijengwe maktaba ya Newberry. Nyumba ya O'Leary nayo ilikuja kubomolewa. Mji ulipojengwa upya, bei ya ardhi karibu na katikati ilipaa, na nyumba ya zamani yenye ua mpana ikawa inakalia pesa. Kwa maoni yangu, ardhi ghali imemaliza majengo mengi makongwe ya Chicago yaliyousalimika moto ule.

Hapo ndipo inapoingia Clarke House, ile nyumba kongwe ya mbao. Henry Clarke, mfanyabiashara, aliijenga mwaka 1836 hivi, karibu na Barabara ya Michigan na Mtaa wa 16, wakati Chicago ikiwa bado kijiji cha matope. Nyumba nyingi za wakati ule zilipigwa misumari haraka haraka kwa vimbao vyepesi. Yake ilikuwa na nguzo na mihimili minene, iliyochongwa ndimi na matundu ili mti uingie ndani ya mti. Mtikisiko wa fedha wa 1837 ulimkuta hajamaliza ndani. Kipindupindu kikamuua 1849, na mjane wake, Caroline, akauza sehemu ya shamba ili aiendeleze nyumba. Moto wa 1871 haukuifikia, kwani ilikuwa kusini mno.

Mwaka uliofuata fundi cherehani John Chrimes akainunua na kuihamisha nzima nzima, zaidi ya kilomita 5 kusini, hadi Mtaa wa 45. Kwa Chicago jambo hilo halikuwa ajabu. Tangu miaka ya 1850 mji ulikuwa ukiinua majengo yake kwa jeki ili mabomba ya maji taka yapite chini, maana ardhi ilikuwa tambarare na maji hayakuwa na pa kwenda. Mwaka 1860 safu ya maduka ya matofali yaliyoungana kwenye Mtaa wa Lake, kati ya mitaa ya Clark na LaSalle, iliinuliwa kwa mkupuo kwa jeki kama 6,000 zilizozungushwa na watu 600 waliokuwa wakifuata ishara moja.

Mwaka 1941 kanisa lililoongozwa na Louis Henry Ford lilinunua Clarke House, likaitunza na kuitumia. Mwaka 1977 serikali ya mji ikainunua ili iirudishe karibu na ilipozaliwa. Njiani kulikuwa na reli ya treni za mjini inayopita juu ya nguzo. Usiku mmoja wa Desemba, treni zikasimamishwa, nyumba ya tani 120 ikapandishwa juu ya magogo yaliyopangwa kwa kupishana, ikaburutwa juu ya reli hadi ng'ambo. Kisha baridi ikagandisha mitambo ya kuishushia. Nyumba ikakaa juu angani kama wiki mbili.

Sasa ni makumbusho, na wengi huitaja kuwa kongwe kuliko zote. Wakazi wa Norwood Park hawakubali: wana nyumba ya Mark Noble ya 1833. Wanaowapinga husema Norwood Park iliunganishwa na mji mwaka 1893 tu, kwa hiyo nyumba ile haikuzaliwa Chicago. Hoja hiyo inauma pande zote mbili, maana Chrimes alipoihamishia Clarke House Mtaa wa 45 aliivusha mpaka wa mji, na haikuwa ndani ya Chicago tena hadi Hyde Park, eneo jirani ilikohamia, ilipomezwa na mji mwaka 1889.